Fundi wa Mifupa na Kishingo wa Mama

Nitaanza na mikono yake, kwa sababu uso wake nilikwepa kuutazama kwa karibu miaka kumi. Ilikuwa mikono mifupi, minene, yenye vidole butu na kucha zilizokatwa hadi karibu na nyama. Ungemwona sokoni ungesema huyu ni mpasua mbao. Lakini ikigusa mguu wa mtu aliyeanguka, mikono ile ilikuwa na adabu. Ilitangulia kupita juu juu bila kubonyeza, ikarudi, ikapita tena, huku mwenyewe akitazama dari kana kwamba anasikiliza mvua. Halafu angesema, "Imevunjika mahali mbili," na ilikuwa mbili kweli.

Sisi wa upande ule wa Ikonge tulimwita Fundi. Jina alikuwa nalo, hata la ubatizo, lakini sikumbuki mtu akilitumia. Ukimwita mganga mlikosana. "Mganga anauliza nani amekuroga," alisema. "Mimi nauliza ulianguka wapi."

Kiswahili chake alikileta kutoka mashamba makubwa ya chai ya Kericho, alikofanya kazi ujanani. Kwetu watu walizungumza Kigusii, na Kiswahili kilikuwa cha shule na cha wageni. Lakini alipogundua kwamba mimi ni mwalimu, alikataa kuniambia hata neno moja kwa lugha ya nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwalimu asiye na cheti katika shule ya msingi iliyokuwa chini ya kilima chetu, na nilijiona sana. "Mwalimu, sahihisha mimi," angesema, nami nikamsahihisha, kwa ule ukali wa mtu aliyesoma kidogo. Sikuacha kosa hata moja lipite. Mzee wa umri wa babu yangu, na mimi namkata maneno mdomoni kwa sababu ya "mguu yako". Naona haya nikikumbuka.

Alipenda kutazama watu wakitembea. Siku za soko, Keroka, alikaa kando ya barabara pale malori yaliposimama, asinunue kitu, akiwasoma wapita njia. Huyu aliwahi kuteguka kifundo. Yule anaficha goti. Siku moja alimsimamisha karani mmoja aliyevaa suti akamwambia, "Wewe, hii mguu ya kushoto ulifungwa na mtu mlevi." Karani alipandwa na hasira, akataka kumzaba kofi. Kisha akafikiri kidogo, akacheka mpaka akashika tumbo, akasema ni kweli, alifungwa na mjomba wake.

Yeye mwenyewe alikunywa pombe ya busaa, tena vizuri, lakini siku ya kazi hakugusa. Mfupa uliotoboa ngozi hakuushika. "Mfupa ikichungulia nje, hiyo ni ya hospitali, si yangu," alisema, na angeweza kuwafokea wenye mgonjwa kwa kuchelewa kumpeleka. Na mtu huyo aliyeunga nyonga za watu wazima aliogopa maumivu kuliko mtoto wa chekechea. Nilimwona kwa macho yangu akichomwa na mwiba wa mlimau. Alilia machozi, akamwita mkewe, akakataa kuutazama mguu wake. Mbwa, mbuzi, hata ndama wa watu aliwafunga bure, akiwasemesha taratibu, na mbuzi akipiga kelele alimwomba radhi.

Ndiyo maana sikuelewa, na sijaelewa vizuri hata leo, alivyoweza kufanya lile la kuku.

Waunga mifupa wengine wa kwetu hawakuwa na desturi hiyo. Yeye aliirithi kwa mzee aliyemfundisha, na aliishika kama shemasi anavyoshika Sabato. Akija kumfunga mtu aliyevunjika, aliomba kuku wa nyumba ile ile. Alimvunja kuku mguu kwa mkono wake, pale pale, kisha akamfunga kwa vibanzi vya mianzi na dawa ile ile aliyomfungia mgonjwa. Kuku alibaki na wenyeji, alishwe na kunyweshwa mpaka apone, na Fundi alikuja kumpapasa kila baada ya siku chache. Mfupa ukiunga, alisema, huota fundo, na fundo likiwa gumu kuku hukanyaga bila woga. Hapo alihesabu siku alizochukua kuku, akaongeza nyingine mara mbili ya hizo, ndipo akamfungua mtu. Hakuwa na saa wala kalenda nyingine zaidi ya mguu wa kuku.

Alikuwa na sharti moja tu la mwisho. Ukipona, uende kwake kwa miguu yako mwenyewe, na kuku mkononi, mchinje na mle pamoja. Asiyekwenda, Fundi alimhesabu bado ni mgonjwa wake. Wanawake wa rika la mama yangu walikwenda na kuku wakarudi wamekula ndizi, kwa sababu wao kuku hawakula kabisa, ulikuwa mwiko waliokua nao. Na firigisi, kila mtu anajua, ilikuwa ya mwenye mji. Kwetu baba aliipata firigisi hata kama kuku amechinjwa hayupo. Iliwekwa kwenye kibakuli ikamsubiri.

Mama alikuwa na kishingo mmoja mwekundu, wale kuku wenye shingo isiyo na manyoya. Sura yake ilikuwa mbaya, na mama alimpenda hivyo hivyo. Alilala kwenye kikapu chini ya kitanda cha mama. Asubuhi alimfuata kwenye chai, akadonoa wadudu chini ya miche wakati mama anachuma, na mama alimsimulia habari zetu zote, nani hasikii na nani ameharibu sare. Baba alisema kuku yule anajua siri za nyumba kuliko yeye.

Ilikuwa mvua za mwisho wa mwaka, miaka michache baada ya uhuru. Mama alikuwa akipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuyapimia, kikapu mgongoni, akateleza kwenye ule mteremko mwekundu juu ya mto. Alivunjika mguu wa kulia chini ya goti. Ngozi haikupasuka. Hospitali aliikataa katakata, kwa kuwa dada yake alikuwa amelazwa kwenye hospitali moja kwa kidonda cha mguu akarudi nyumbani hana mguu. Baba alikuwa shemasi, na kanisani waliwachanganya waunga mifupa na wapiga ramli kwenye fungu moja. Alizunguka uani kwa muda, halafu akachukua koti akaenda kumwita Fundi kwa njia ya mtoni ili asionekane.

Fundi alipoingia alicheka. "Shemasi, leo samaki wamekuona," alisema. Kisha alimpapasa mama, akauvuta mguu, akaufunga, na mama aliuma kanga asitoe sauti. Akaomba kuku. Baba alimshika wa karibu, na wa karibu alikuwa kishingo, kwa sababu hakuwa anaondoka kando ya mama.

"Si huyo," nilisema.

"Ni huyo anamjua mama yako," alisema Fundi. "Nipe, Mwalimu."

Nilisikia mfupa ukilia. Mama aligeuza uso ukutani. Tangu siku ile nilimchukia yule mzee, na nilimchukia zaidi kwa sababu alipomaliza kumfunga kuku alimpuliza usoni na kumwambia pole.

Kumuuguza kishingo ilikuwa kazi yangu. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilimlaza kwenye kikapu kando ya meko, nikambadilishia majani makavu asubuhi na jioni, nikampa wimbi kiganjani na maji kwa kijiko. Mama, kutoka chumbani, aliuliza habari zake kabla ya kuuliza za watu. Amekula? Ameharisha? Amejaribu kuinuka? Niligundua kwamba hofu yake yote ya mguu ameiweka kwenye kile kikapu. Kuku akipona, yeye atapona. Kuku akifa, basi. Fundi hakuwahi kusema hivyo. Mama alijisemea mwenyewe.

Halafu kikaja kideri, ule ugonjwa wa kuku. Kwetu watu walisema kinaletwa na upepo wa kiangazi, na kweli kilipita boma kwa boma. Siku ya kumi kishingo aliacha kula. Kinyesi kikawa cha kijani. Nilitwanga pilipili nikachanganya na maji ya mshubiri, nikamfungua mdomo kwa kidole, nikamfunika kwa kipande cha blanketi. Siku ya pili yake shingo ile isiyo na manyoya ilianza kupinda, kichwa kikatazama nyuma. Asubuhi ya Sabato, wengine wakiwa kanisani, alifia mapajani mwangu. Mama alikuwa akiimba wimbo wa kanisa chumbani. Akanyamaza.

"Mbona kishingo kimya?" aliuliza.

"Amelala," nilisema.

Kati ya uongo wote niliowahi kusema, na nimefundisha miaka mingi kwa hiyo nimesema mwingi, ule ndio ulionitoka kwa urahisi kuliko wote. Nilimzika nyuma ya jiko kwenye migomba, nikafukia vizuri mbwa wasimfukue. Siku ya soko nikaomba lifti ya lori mpaka Keroka, nikidai nakwenda kuulizia barua ya kazi. Soko lilijaa kuku, kwa kuwa kila mtu aliuza kabla ya ugonjwa kumfikia. Nilimpata kishingo mwekundu wa kimo kile kile. Mwenye kuku aliniambia, "Chukua, dada, huyu ametoka kwa ndugu zangu mbali, upepo haijafika huko." Niliomba Mungu iwe kweli. Nyumbani nilimfunga vibanzi vya marehemu kwenye mguu mzima, nikamweka kikapuni.

Mama aliomba aletewe amguse. Kuku mgeni akamdonoa mkono.

"Maumivu yamembadilisha," mama alisema, akaunyonya ule mkono.

Sikuwa nimefikiria kwamba kuku mzima hawezi kufundishwa ugonjwa. Kesho yake, mbele ya baba, na mlango wa chumba cha mama ukiwa wazi, aliruka kutoka kikapuni na kuvuka sakafu, vibanzi vikigonga chini, mpaka kwenye punje za mahindi. Zilikuwa siku kumi na nne tangu mguu uvunjwe. Mama alilia kwa furaha. Baba alisema "Bwana asifiwe," akaanza kuhesabu kwa vidole. Kumi na nne, na mara mbili yake. Nilisimama pale na ufagio mkononi, nikaanza kufagia pale alipopita.

Fundi alikuja siku ya tatu yake. Alimshika kuku, akafungua vibanzi, akatazama dari. Vidole vyake vilipita, vikarudi, vikapita tena. Vilitafuta fundo, na fundo halikuwepo, wala halingeweza kuwepo. Aliupapasa na mguu wa pili, polepole, kisha akashusha macho akanitazama. Nilijua amejua. Nilimsubiri aseme.

"Kuku imesimama," alisema.

Siku ile sikumsahihisha.

Alijaribu kuvuta muda. Alisema mguu wa mama ni mzito, ungoje. Lakini kanisani minong'ono ilikuwa imeanza kumfikia baba, na wageni wa kanisa walitarajiwa kuja kumwombea mama. Baba hakutaka wakute dawa na mianzi. Siku za hesabu ya kuku zilipotimia alimwita Fundi na kumwambia, "Kuku alisimama. Hesabu ni yako mwenyewe, Fundi. Mfungue." Nilikuwa mlangoni. Fundi alinitazama tena, mara moja tu. Neno moja lingetosha, lake au langu. Kisha akapiga magoti akamfungua.

Mama alisimama, tukashangilia. Lakini mfupa ulikuwa bado laini, na mama hakuwa mtu wa kukaa. Mwezi mmoja baadaye alikuwa kwenye chai tena, na mguu ukaanza kujipinda kwa ndani, kidogo kidogo, mpaka akawa anachechemea. Akabaki hivyo. Kuku mgeni alimkubali baadaye, akalala chini ya kitanda kama mwenzake, akafa kwa uzee. Baba alimpelekea Fundi zawadi kwa mkono wa mtu, kwa njia ya mtoni. Mama tulipomwambia aende mwenyewe kama ilivyo ada, alijibu, "Nitakwenda nikipona." Alijibu hivyo mwaka ule, na uliofuata, na mingine yote. Kila mara aliponipita uani, ule mguu ukivuta vumbi, nilijitafutia kazi ya kuinamia.

Tangu wakati ule Fundi hakuvunja kuku tena. Watu walilijadili sana jambo hilo. Wengine walisema ameokoka, ingawa busaa hakuacha. Wengine walisema mkewe alimkataza, au aliota ndoto mbaya. Wagonjwa kadhaa walilalamika, wakaona kazi haijakamilika bila kuku. Yeye aliwajibu kwamba amechoka kusikia kelele za kuku.

Nilimwona kwa mara ya mwisho karibu miaka kumi baada ya kuanguka kwa mama. Nilikuwa nimepata cheti na ninafundisha mjini, karibu na Nyanchwa, nimerudi nyumbani likizo. Niliambiwa mikono ya Fundi inatetemeka siku hizi, hawezi kufunga hata kuni. Nikachukua sukari na mkate nikaenda. Nilimkuta uani kwenye kigoda, blanketi mabegani, mchana wa jua kali. Alinitambua kwa hatua kabla sijafika.

"Mwalimu," alisema. "Bado unatembea haraka kama mtu anakimbia kitu."

"Tata," nilimwita, kama tunavyowaita wazee wetu, "nimekuja kusema habari ya yule kuku."

"Ile kuku ya soko."

Nikakaa chini. Nilimwambia yote, kideri, Sabato, lori, vibanzi vya marehemu. Alisikiliza akiwa ameishikilia mikono yake kwapani ili isitetemeke.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza. Na nilimuuliza kwa hasira, jamani, kana kwamba kosa ni lake. "Ulijua. Siku ya kwanza ulijua."

"Nilijua. Baba yako angekufukuza, ama angekupiga mbele ya watu, na wewe ni mwalimu. Nilikuhurumia. Lakini mgonjwa yangu haikuwa wewe. Mgonjwa yangu ilikuwa mama. Nikasahau mgonjwa yangu. Tangu nyumba yenu sijaweza kuvunja kuku. Nikiishika mguu, naona wewe pale mlangoni."

Nililia, na yeye hakunibembeleza.

"Mguu ya kulia," alisema baadaye. "Inaingia ndani hivi?" Akatoa mkono mmoja, ukitetemeka, akauchora mguu wa mama hewani, na ulikuwa wenyewe hasa.

"Hivyo hivyo, Tata."

"Anajua?"

"Hajui."

"Mwambie. Mwambie sasa, mimi nikiwa na masikio. Akitaka kunitukana, anitukane nikisikia."

Nilimwambia mama jioni ile ile, jikoni, akichambua mnavu. Sikupamba. Baba alikuwa ameshafariki, hapakuwa na wa kujificha nyuma yake. Aliendelea kuchambua mpaka fungu likaisha. Nilingoja aseme juu ya mguu.

"Kishingo wangu ulimzika wapi?" aliuliza.

Nikampeleka nyuma ya jiko nikamwonyesha mahali, kati ya migomba. Alisimama pale, uzito wote kwenye mguu wa kushoto, mpaka kiza kikaanza kuingia.

Asubuhi alimkamata jogoo mnono, akamfunga miguu kwa ganda la mgomba, akajitanda shuka. Nilisema nitamsindikiza, maana hadi kwa Fundi ni vilima viwili na mto katikati.

"Wewe tutazungumza siku nyingine," alisema. Siku hiyo haikufika, na sasa mama naye hayupo.

Nilimtazama akishuka ule mteremko aliovunjikia, akichechemea, jogoo kwapani. Alirudi jua likizama, mikono mitupu, vumbi mpaka magotini. Nilimpa maji. Nilishindwa kujizuia.

"Mmezungumza nini?"

"Aliomba aushike mguu. Akaushika. Halafu tukala."

Nilidhani sijasikia vizuri. Mama yangu hakuwa ameonja kuku maisha yake yote.

"Umekula nini, mama?"

Aliunyoosha ule mguu mbele yake, akausugua chini ya goti.

"Firigisi," alisema. "Alinipa kwa mkono wake."